Shingo Aliyonichagulia Abti

Mpaka leo wapo wazee mjini Garissa ambao, nikitajwa, huuliza, "Si yule aliyechaguliwa gitaa na mjomba wake?" Wanasema hivyo kwa heshima, kana kwamba kuchagua ndiko kulikokuwa kazi na kupiga kulikuja tu kama usingizi. Mara nyingine mimi nipo pale pale, nanywa chai yangu, nimenyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Abti hakunichagulia gitaa. Aliniletea gogo, na gogo lile nikaligeuza gitaa kwa mikono yangu miwili. Hilo nataka lijulikane kabla sijafika mbali.

Abti ndivyo tunavyomwita ndugu wa mama. Huyu wangu alikuwa dalali wa mifugo, na tangu baba alipofariki yeye ndiye aliyetuamulia mambo yote, mimi na mama. Madalali walikuwa wengi katika soko la Garissa, lakini mkono uliotafutwa ulikuwa wake. Nasema mkono kwa sababu kwetu bei haitajwi. Muuzaji na dalali hushikana mikono ya kulia, shuka linatupwa juu yake, na mazungumzo yote hufanywa kwa vidole huko chini. Mara kidole kimeshikwa, mara viwili vimeminywa, mara kiganja kimekunwa. Walio pembeni wanaona shuka likitikisika tu. Mdomo wakati huo unaweza kusema lolote, unaweza hata kuapa kwamba ng'ombe ana homa, na hakuna anayeujali, kwa sababu ukweli uko chini ya shuka. Aliyezidiwa hasemi nimeshindwa. Humkandamiza mwenzake kidole gumba mara moja, akauachia mkono, na yamekwisha. Tangu nizaliwe sijamsikia dalali akikiri kushindwa kwa mdomo. Abti alikuwa akijigamba kwamba yeye hata gumba la mtu hajawahi kulikandamiza.

Mkono wangu mimi ulikuwa na habari nyingine. Ujanani tuliishi Wajir kwa ndugu za baba, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji visimani kwa ajili ya ngamia. Siku moja kamba ya ndoo ilinizunguka gumba la kushoto, ndoo ikiwa imejaa, na mguu ukateleza. Mzee wa kuunga mifupa alinifunga vijiti, na gumba likapona likiwa limenyooka kama kijiti chenyewe. Halikunjiki, wala halitanuki mbali na kiganja. Kila aliyekuja kunipa pole alisema neno lile lile: Alhamdulillahi, ni la kushoto. Abti alilisema kwa sauti kuliko wote. Mkono wa kula ni wa kulia, wa kusalimia ni wa kulia, wa kupokea na kutoa ni wa kulia, kwa hiyo wakaona sikupoteza kitu. Shukrani ile iliniudhi, Mungu anisamehe. Gumba lilikuwa langu, na lilikuwa linauma.

Tulihamia Garissa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, nikapata kazi ya kupima sukari na majani ya chai katika duka lililokuwa karibu na boma la serikali. Miongoni mwa wateja alikuwako karani mmoja Mgoa, mtu mpole mwenye miwani, ambaye Jumamosi alikuwa akiwapigia maofisa muziki katika klabu yao, kule kulikokuwa na jenereta. Alikuwa na magitaa matatu. Siku moja nilimpelekea sukari nyumbani nikamkuta akifunga nyuzi mpya, nikasimama mlangoni hata nikasahau kilichonileta. Hakunifukuza. Aliniuliza kama nataka kushika.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililobadili maisha yangu. Katika gitaa mkono wa kulia hukwaruza nyuzi tu. Wa kushoto ndio unaoshika shingo, ndio unaotafuta sauti. Mkono wangu uliohukumiwa kwamba hauna kazi ulikuwa umepata kazi, tena kazi yenyewe khasa. Nilikwenda kwa karani yule kila nilipoweza, kila alasiri duka likifungwa, na mama akiuliza nilisema nimepeleka sukari. Naye hakuwa mjinga, alijua hakuna karani anayekula sukari kiasi kile.

Karani alikuwa akisema kwamba sauti ya gitaa utaizoea, rangi yake utaisahau, lakini shingo utaishika kila siku ya maisha yako, kwa hiyo shingo ndiyo ya kuchagua. Aliniwekea magitaa yote matatu niyajaribu. La kwanza lilikuwa kubwa, lenye tumbo pana na shingo nene ya duara, kama mchi wa kinu. Nilipolishika, vidole vyangu viliishia njiani. Gumba lisilotanuka lilikuwa limekwama upande mmoja, na nyuzi nene za upande wa pili niliziona tu kwa macho. Baada ya muda mfupi nyama ya kati ya gumba na kidole cha shahada iliwaka moto. La pili lilikuwa la zamani, na shingo yake kwa nyuma ilikuwa na ukingo katikati, kama mgongo wa punda wa kiangazi. Karani alisema wapo wanaoipenda shingo ya namna hiyo kuliko zote, wale ambao gumba lao hulala juu ya ukingo na kupumzika. Langu halikulala. Ukingo ulikuja kukaa juu ya kiungo kile kile kilichovunjika, na maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko.

La tatu lilikuwa la stima. Halikuwa na tumbo wala shimo, ubao mtupu uliopakwa rangi, na shingo yake ilikuwa nyembamba na bapa. Gumba langu lilijilaza nyuma yake moja kwa moja, likiwa limenyooka vile vile lilivyo, na vidole vinne vikafika kila mahali bila kuombwa. Karani alicheka kidogo akasema kwamba aliyeitengeneza shingo ile lazima naye alivunjika gumba.

Watu walinicheka sana baadaye kwa kulitaka gitaa la stima. Utalichomeka wapi, waliniuliza, mtoni Tana? Hawakujua kwamba hilo ndilo lililonifaa. Bila stima linanong'ona tu, huwezi kulisikia ukiwa chumba cha pili, nasi tulipakana ukuta na mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye alikuwa akikohoa kila aliposikia hata mtu akipiga mluzi. Lilikuwa gitaa la mtu kama mimi. Sijawahi kuwa na uhakika wa kitu kingine chochote kama nilivyokuwa na uhakika wa hilo.

Kisha karani akahamishwa. Lori lingemchukua asubuhi kwa pantoni hadi ng'ambo ya mto, na gitaa moja alikuwa tayari kuliuza, lolote nitakalo, mawili angeondoka nayo. Wasomaji wa leo watasema ningesubiri nikajinunulie jingine Nairobi. Nairobi gani? Siku hizo upande wetu wote wa kaskazini ulifungwa na serikali, na mtu havuki mto bila kibali, na kibali hakitolewi kwa kijana anayetaka kwenda kushika shingo za magitaa. Hasira ya jambo hilo nayo ninayo, lakini niiache kwa siku nyingine. Ninachosema ni kwamba lilikuwa gitaa lile au mkono wangu urudi kuwa mkono wa kushoto.

Mama alikubali fahali wangu wa urithi auzwe. Nilishangaa alivyokubali upesi, kumbe alikuwa na sharti: kitu kikubwa namna hiyo hakinunuliwi na mtoto wake peke yake kama yatima asiye na watu. Abti ataninunulia. Nilipinga. Alisema nikimpita abti, nimemvua nguo mbele ya mji mzima. Basi.

Njiani Abti alinipa masharti yake. Nisimame nyuma yake. Nisishike kitu. Nisitazame gitaa moja kuliko jingine, maana jicho la mnunuzi likitua mahali bei imeshapanda. Nilimweleza kwamba gitaa si fahali, kwamba lazima lishikwe na atakayelipiga, na kwamba mimi nimeshachagua, nataka lile jembamba. Alinisikiliza hadi mwisho kwa utulivu mkubwa. Halafu akaniuliza kama fahali huwa anaonjwa kabla ya kuchinjwa.

Karani alikuwa ameyasimamisha magitaa barazani, kila moja kwenye kiti chake. Abti aliyazunguka. Alilikagua lile la tumbo kama anavyokagua ng'ombe, akaligonga mgongo, akachungulia shimoni, akavuta nyuzi kama mtu anayefunua kope la mnyama kuona kama macho ni mekundu. Kisha akashika shingo, moja baada ya nyingine, taratibu, akiwa amefumba macho. Na alizishika kwa mkono wa kulia. Shingo ya gitaa haina shauri na mkono wa kulia, lakini angeshikaje bidhaa ya watu kwa mkono wa kushoto, mbele ya mwenyewe?

Ile yenye ukingo aliiachia upesi, akasema imekonda. Alipofika kwenye ile nyembamba alisikitika kabisa, kwa dhati.

"Hii haina tumbo," alimwambia karani kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi sinunui mnyama hana tumbo. Na shingo kama ya mbuzi ya kiangazi. Hii iko mgonjwa."

Halafu akaishika ile nene. Kiganja chake kikajaa, na uso wake ukatulia.

Karani alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio ulioniangamiza. "Mzee," alisema, "kijana amejifunza kwa hili jembamba. Mkono wake hauliwezi hilo nene. Mwache alishike mwenyewe, utaona."

Ni nani sokoni kwetu asiyejua kwamba mnyama anayesifiwa na muuzaji ndiye mwenye kidonda? Abti alitabasamu kwa upole, kama mtu aliyeona mtego na hataki kumwaibisha aliyeutega. Aliniambia baadaye kwamba kuanzia hapo alikuwa na hakika. Kwake, maneno yaliyosemwa waziwazi barazani, na mtu mzima, kwa nia njema, yalikuwa ushahidi kwamba kinyume chake ndicho kweli. Nauliza, mtu asema ukweli kwa njia gani mbele ya watu wa namna hiyo?

Sikuvumilia. Nilivunja sharti, nikasema kwa Kiswahili ili karani naye asikie.

"Abti, mimi nataka hilo jembamba. Hilo nene siliwezi."

Macho yake yaling'aa. Alinigeukia na kunipiga piga begani, tena kwa fahari. Alidhani nacheza. Alidhani mpwa wake analitaka lile nene na sasa analiponda ili bei ishuke, kama afanyavyo dalali aliyekomaa. Nilisema kweli tupu, kwa mara ya kwanza mbele yake kwa sauti ile, na nikapongezwa kwa uongo.

Alitupa shuka. Karani alitutazama mmoja mmoja, akasita, lakini alikuwa ameishi kwetu muda wa kutosha kujua kwamba mkono ulionyooshwa haukataliwi. Aliingiza wake. Shuka likatikisika kidogo, likatulia. Mikono ilipoachana, gogo lilikuwa langu.

Mtu atauliza kwa nini sikukataa pale pale. Anayeuliza hajui soko. Mkono ukishaachiwa, kurudisha kilichonunuliwa ni kumzika dalali akiwa hai. Hakuna ambaye angempa tena mnyama, na mama angejifunika uso akienda kuchota maji. Walinifunga kamba ambayo mwisho wake ulikuwa shingoni mwa mama yangu, kisha wakaniambia niko huru kusema. Karani alinipa nyuzi za akiba, akanong'ona kwamba alijaribu. Nilijua alijaribu.

Tulipokuwa tukirudi Abti alinishukuru. Alisema ule uongo wangu ulimsaidia sana. Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu, na nililia barabarani, si kwa huzuni, kwa hasira tu, na yeye akasema furaha nayo huliza.

Asubuhi niliomba ruhusa dukani nikaenda pantonini. Gitaa jembamba lilikuwa limeviringishwa blanketi na kufungwa juu ya masanduku. Nililitambua kwa jinsi lilivyokuwa bapa. Pantoni lilivutwa hadi ng'ambo, lori likapanda ukingo, vumbi likabaki.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa zaidi. Abti alikuwa na mazoea ya kukaa katika hoteli moja ya chai baada ya soko, pamoja na wanunuzi wa ng'ombe kutoka huku na huko, na askari wa bara waliokuja kunywa maziwa ya ngamia na kusema hawayapendi. Aliwasimulia jinsi alivyonunua. Alisimulia vizuri, hata mimi nilicheka mahali fulani. Kisha akaniita nije nipige. Nilijaribu kumwambia faraghani kwamba siwezi, na kwa nini. Alikunja uso akasema wageni wananingoja.

Nilipiga. Au niseme nililigusagusa. Vidole vilijaribu kuruka ile shingo nene na vikaangukia nusu njia, nyuzi zikalia kama mlango mbovu. Niligeuza mkono huku na huko, gumba likauma, nikaanza tena. Askari mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, si kwa ubaya. Abti hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akatoa maelezo, kwa sababu bidhaa yake ilikuwa imetiliwa shaka.

"Gitaa iko fizuri," alisema. "Mkono yake ya kushoto ndio haina kazi. Tangu Wajir."

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Kumbe alijua. Alikuwa akijua siku zote habari ya mkono ule, na hata siku moja hakuuchukua akautazama. Mtu aliyeweza kujua kwa kiganja chake kama muuzaji amelala njaa, kama ana mke mgonjwa, kama atakubali kabla ya adhuhuri, hakuwahi kushika mkono wa kushoto wa mtoto wa dada yake. Nilirudi nyumbani na lile gogo begani, na ningekutana na yeyote njiani ningempiga nalo.

Wachungaji wa kwetu hulainisha fimbo na vyombo vya maziwa kwa kigae cha chupa. Kigae kikivunjwa vizuri kina makali kuliko kisu, na hakiumi mbao kwa pupa. Niliokota chupa nyuma ya duka, nikaivunja, nikalegeza nyuzi, nikaliweka gitaa mapajani kifudifudi, nikaanza kuikwangua ile shingo.

Nilikuwa naogopa, na ni haki niseme hivyo. Mbao ikitoka hairudi. Nikizidisha kidogo, shingo itajikunja kwa nguvu za nyuzi, na hapo sitakuwa na gitaa nene wala jembamba. Kwa hiyo nilikwangua, nikafunga nyuzi, nikashika, nikasikiliza gumba linasema nini, nikafungua tena. Nilikuwa nikimkumbuka karani na lile gitaa lake. Nikifumba macho kiganja changu kiliikumbuka shingo ile, mahali ilipokuwa bapa na mahali ilipoanza kunenepa, nami nilikuwa nikiitafuta ndani ya ile nene. Upande wa nyuma, pale gumba langu lilipotaka kulala, nilichimba kibonde kidogo, kirefu kama gumba lenyewe, kwa sababu nilikwisha kuchoka kuomba shingo inikubali. Mvua za masika zilinikuta nakwangua, zikaisha.

Mama alikuwa akifagia zile takataka za mbao. Alizitupa kwenye chetezo pamoja na uvumba, na nyumba ikanuka harufu ngeni, tamu kidogo. Jioni moja alikaa karibu nami akaupitisha mkono wake juu ya shingo ile, akasema ni laini kama chombo cha maziwa cha bibi harusi. Kisha akaniomba nisimwambie Abti. Nilimuuliza ni kwa nini siku zote mimi ndiye wa kutosema. Aliendelea kuipapasa shingo, nami sikumlaumu, kwa sababu yeye naye alikuwa na mengi ambayo hajayasema, kuliko yangu.

Siku ilifika nikafunga nyuzi na sikuzifungua tena. Gumba lilijilaza kibondeni. Vidole vikafika. Nilipiga polepole, kwa sababu lile si la stima, lina tumbo na lina sauti, na mwalimu wa chuo alikohoa upande wa pili wa ukuta. Nikaendelea kupiga. Akakohoa tena, halafu, nadhani alichoka, akanyamaza.

Habari hazikai. Dukani walijua, na kutoka dukani ikafika kwenye hoteli ya chai, na Abti akaniita tena. Safari hii nilikwenda kwa haraka. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilikusudia nipige kwanza, wasikie wote, kisha nigeuze gitaa niwaonyeshe shingo, niwaambie nani aliichagua na nani aliitengeneza, na mama anisamehe.

Nikapiga. Sitasema nilipiga vizuri, kwa sababu waliokuwapo wanasema zaidi ya nitakavyosema. Askari yule aliyekuwa amenicheka aliacha glasi yake ya maziwa. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe, mzee mwenye ndevu za hina, alitikisa kichwa akasema mashallah, kisha akamwambia Abti kwamba kweli alinunua.

Abti alinyoosha mkono wa kulia alichukue gitaa, nikampa. Alilishika shingoni, kama siku ile barazani, akapitisha kiganja chake kutoka juu kwenda chini. Na kiganja kikasimama.

Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikauona uso wake. Mtu yule alikuwa hasahau. Mnyama aliyepita mikononi mwake angemtambua gizani baada ya miaka. Alijua mara moja kwamba shingo hii siyo aliyoinunua. Kidole chake kilirudi nyuma kikakipata kile kibonde, kikaingia, kikakipima urefu, na nikamwona akielewa. Alielewa kilichotolewa, na kwa ajili ya mkono upi, na kwa sababu gani. Nilifungua mdomo niseme.

"Si niliwaambia?" alisema Abti kwa sauti kubwa, akiwatazama wageni. "Mimi najua shingo. Mkono yangu hakosei."

Wakacheka, wakamsifu. Mzee wa hina akampiga begani. Na wakati huo huo, chini ya ncha ya shuka lake iliyokuwa imeangukia benchi kati yetu, mkono wa Abti ulitafuta wangu. Haukutafuta wa kulia. Ulinishika wa kushoto, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ukapapasa hadi ukalipata gumba lililonyooka, ukalikandamiza mara moja, ukaniachia.

Kila mtu wa soko lile anajua maana yake. Mimi pia niliijua, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Nilimtazama usoni nikitafuta chochote, lakini uso ulikuwa ukicheka na wanunuzi.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba ile ilikuwa heshima kubwa, kwamba dalali yule hakuwahi kumpa mtu yeyote gumba, na mimi nilipewa. Labda. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, hata siku tulipomzika, watu walipokuwa wakikumbushana jinsi alivyomchagulia mpwa wake gitaa. Aliniumbua barazani kwa karani, kwa mdomo. Aliniumbua kwenye hoteli ya chai, kwa mdomo, kila mtu akasikia. Radhi akanitaka chini ya shuka. Nilitaka aseme kwa mdomo.